Bunduki ya Risasi Kumi na Tano: Shabaha, Mchezo na Baruti katika Maniema ya Kusini

Kila mwandishi wa makala ya kitaaluma katika Kiswahili hutangaza mapema shabaha yake. Kuna shabaha ya utafiti, shabaha ya semina, shabaha ya sura ya pili. Ni nadra kwetu kukumbuka kwamba neno hilo ni la wapiga bunduki pia. Asili yake ni Kiarabu, na jamaa zake, shabihi na mshabaha, wangali wanabeba maana ya mfano na ufanano. Lakini katika kamusi za zamani shabaha ni kile kitu kinachosimamishwa ili kilengwe, na pia ni ule ustadi wa kukilenga, ndiyo maana mtu husemwa kuwa ana shabaha au hana. Makala haya yanalirudisha neno hilo penye moshi wa baruti. Yanauliza kama katika Maniema ya kusini, yaani Kasongo, Kabambare na vijiji vilivyo baina yake, kupiga bunduki kuliwahi kuwa mchezo. Na kama hakukuwa, ni kwa nini.

Swali hili lina msingi wake. Mwaka 1976 wapiga bastola wa nchi mbalimbali walikutana Columbia, katika jimbo la Missouri, Marekani, wakaunda shirikisho la kimataifa na kumfanya Jeff Cooper kuwa rais wake wa kwanza. Tangu hapo mchezo wao umeenea duniani, na hapa Afrika Mashariki Kenya ina wachezaji wake. Mshindani husimama na bastola ikiwa kiunoni. Kifaa cha kupimia muda kinapolia, huichomoa, hukimbia kutoka kituo hadi kituo na kupiga vibao vya karatasi ngumu na vya chuma; kisha alama alizopata hugawanywa kwa sekunde alizotumia. Kaulimbiu yao ni maneno matatu ya Kilatini ambayo kwa Kiswahili twaweza kuyaita usahihi, nguvu na wepesi. Vibao vingine husimama kwa niaba ya watu wasio na hatia, na anayekipiga kimoja hupunguziwa alama. Anayegeuza mdomo wa bastola nje ya upande unaoruhusiwa huondolewa mashindanoni papo hapo. Nayataja haya kwa sababu yanatupa kipimo cha kusomea tukio moja la kale: watu wamekusanyika, mmoja anafyatua risasi nyingi kwa haraka, na hakuna adui mbele yake.

Tukio hilo limo katika *Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi*, yaani Tippu Tip. Kitabu hiki wasomaji wengi wa jarida hili wanakijua: mwenyewe alikiandika kwa Kiswahili katika hati za Kiarabu, na Heinrich Brode akakichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Mwezi wa Oktoba 1876, Tippu Tip alikuwa katika makao ya Waarabu jirani na Kasongo. Stanley akatokea, akiushuka mto Luama kuelekea Lualaba. Mgeni akawaonyesha wenyeji wake bunduki, akasema kwamba hii hutoa risasi kumi na tano. Wenyeji wale walikuwa watu wa bunduki, lakini bunduki ya namna hiyo hawakuwa wameiona. Tippu Tip akauliza kama risasi hizo zote zatoka katika mtutu mmoja. Akaambiwa ndiyo, mmoja. Basi akaomba ipigwe waone. Stanley akataka kwanza alipwe fedha.

Hapo ndipo ninapoona ustadi wa msimulizi. Anatuambia kwamba moyoni alidhani mgeni anasema uongo, lakini hakumwambia. Badala yake alimpa Stanley habari ya upinde ulioko nchi ya Lomami, upinde unaopokea mishale ishirini kwa mara moja, na ukiachiwa mishale yote huruka pamoja na kila mmoja huua mtu. Stanley alipolisikia hilo akainuka, akatoka nje, akapiga risasi kumi na mbili. Kisha akashika bastola, akapiga sita. Akarudi akaketi barazani. Wenyeji wakastaajabu, na Tippu Tip akauliza silaha ile hujazwaje, akaonyeshwa.

Wapo wanaoupitia ukurasa huu kama kichekesho: Mwafrika au Mwarabu wa bara anashangaa chombo cha Mzungu. Usomaji huo haunitoshelezi. Tazama nani alishinda. Aliyetaka kulipwa hakulipwa. Aliyedai kuona, ameona bila kutoa hata riale moja, tena kwa kutumia upinde ambao haukuwapo. Ni mashindano kweli, lakini ni ya maneno, ya aina ile ambayo kila mtoto wa pwani aliyekulia barazani anaijua: mwenzako akikuza, nawe kuza zaidi, na anayekasirika kwanza ndiye aliyeshindwa. Stanley alijibu uongo kwa vitendo, na kwa sheria za baraza huko ni kushindwa.

Sasa tukipime kisa kwa yale maneno matatu. Wepesi upo, kwani ndio uliokuwa ukionyeshwa. Nguvu haitajwi, ila kupitia ule upinde ambao kila mshale wake unaua. Usahihi haupo kabisa. Tippu Tip, mtu aliyehesabu bei za pembe na siku za mwendo bila kuchoka, hasemi Stanley alipiga nini. Hakuna mti, hakuna kibuyu, hakuna alama ukutani. Shabaha haimo.

Kutokuwepo huko kunaeleweka tukiitazama bunduki ambayo mwungwana wa kawaida wa Maniema alikuwa nayo. Ilikuwa gobore. Kulijaza ni kazi: umimine baruti kwa mdomo wa mtutu, utie kitambaa au nyuzi, udondoshe risasi, ushindilie kwa mdeki, kisha utie baruti nyingine penye gumegume au uweke fataki, ndipo uvute mtambo. Mtutu wake ni laini ndani, hauna mifuo ya kuizungusha risasi, kwa hiyo risasi hutoka ikigonga huku na huku, na mbali ya hatua mia moja mpigaji hubahatisha. Silaha ya namna hiyo haimfundishi mtu kulenga. Inamfundisha kusimama pamoja na wenzake na kupiga wote kwa pamoja. Nguvu yake ni ya kundi, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo ni sauti. Tippu Tip mwenyewe anasema jina lake la utani lilitokana na mlio wa bunduki zake, tip tip, baada ya vita vyake na Nsama wa Itabwa mwaka 1867. Hakuna anayesema liliundwa na shabaha yake.

Ikiwa bunduki ilikuwa na mchezo katika nchi hiyo, basi mchezo ulikuwa wa sauti. Misafara iliyofika mjini ilipiga bunduki hewani kutangaza kufika kwake, na wenyeji wakajibu kwa bunduki zao. Stanley alifanya hivyo Ujiji mwaka 1871, akifuata desturi aliyoikuta. Baruti iliyoteketezwa namna hiyo ilikuwa imebebwa kichwani na watu kutoka pwani, ikivuka Ugogo, Unyamwezi na ziwa Tanganyika. Kuichoma kwa furaha kulikuwa ni kuonyesha utajiri, kama vile mwenye harusi anavyomwaga wali. Kuichoma kwa mazoezi ya kulenga kulikuwa ni hasara. Mwaka 1887, Tippu Tip alipokubaliana na Stanley kumpatia wapagazi wa Kimanyema, baruti ya kuwapa watu hao ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoleta ugomvi mrefu baina yao.

Hata hivyo si haki kuzungumzia furaha ya mwenye bunduki bila kumtaja aliyesimama upande wa pili. Livingstone alikaa miezi mingi Bambarre, ambayo ndiyo Kabambare yetu, mwaka 1870 hadi mwanzo wa 1871, akiwa na vidonda vya miguu. Shajara yake inaonyesha kwamba watu wa nchi walikuwa wamekwisha kupima hali yao: kama si bunduki, wageni hawa wasingerudi kwao hata mmoja. Tarehe 15 Julai 1871 alikuwa Nyangwe, kaskazini ya Kasongo, siku ya soko. Watu watatu wenye bunduki walianza kupiga katikati ya umati, wengi wao wanawake waliokuja kuuza. Waarabu wenyewe walikisia waliokufa, wakiwamo waliozama mtoni, kuwa kati ya 330 na 400. Katika umati ulioshikana hivyo gobore halihitaji kulengwa. Nami nadhani hapa tumefika kwenye jibu la swali letu la kwanza. Mchezo hutaka watu wanaokubaliana kwamba yule anayetazama hatapigwa. Katika Maniema ya miaka ya 1870 makubaliano hayo hayakuwapo.

Kisha aina ya bunduki ikaanza kuamua hatima ya wenye bunduki wenyewe. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulipiga marufuku kuingiza silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, lakini ukaacha nafasi kwa magobore ya gumegume yasiyo na mifuo. Zile bora, zenye mifuo na za kujazwa kwa nyuma, zilibaki mikononi mwa dola na wale iliowaruhusu. Askari wa Dola Huru ya Kongo walibeba bunduki za Albini, ambazo risasi na baruti yake zimo katika ganda moja, kile ambacho wazee walikiita kiasi cha bunduki. Mwaka 1892 Ngongo Lutete, aliyekuwa mtu wa Tippu Tip, alihamia upande wa Dhanis pamoja na wapiganaji wake. Nyangwe ilitekwa Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili. Kwa hiyo Kasongo iliangushwa na Albini, lakini pia na watu ambao Kasongo yenyewe ilikuwa imewapa bunduki. Ngongo hakufaidi: Septemba mwaka huohuo Wabelgiji walimhukumu kwa uhaini na kumpiga risasi. Sefu, mwana wa Tippu Tip, aliuawa vitani kabla ya mwaka kwisha. Kabambare ikatekwa Januari 1894. Mji wa kale wa Waarabu huitwa hadi leo Kasongo-Tongoni, na mwenye kujua kwamba tongo ni mahame hahitaji kuelezwa zaidi.

Miaka iliyofuata naipita upesi, si kwa kuwa haina kitu bali kwa kuwa inarudia. Mwaka 1964 wapiganaji wa Simba walipopita Kasongo kuelekea Kindu, waliamini kwamba dawa waliyonyunyiziwa ingegeuza risasi za adui kuwa maji, mradi mtu ashike miiko. Hii nayo ni nadharia ya shabaha, ila imepinduliwa: ustadi hauko kwa anayelenga, uko kwa anayelengwa. Imani hiyo ilirejea kwa Mai-Mai wa vita vya 1998 hadi 2003, na jina lao linaibeba waziwazi. Nchi ambayo imejifunza kwa vizazi vitano namna ya kuishi mbele ya mdomo wa bunduki haijapata wasaa wa kujifunza kucheza ikiwa nyuma yake. Anayemwuliza mzee wa Kabambare kama angependa kuona mashindano ya bastola asistaajabu akiulizwa naye: nani atakayesimama kule mbele?

Turudi barazani mwa 1876, maana kuna jambo la tarehe ambalo halipaswi kusahauliwa. Tippu Tip aliondoka Maniema mwaka 1890 na hakurudi tena. Alipoyaandika maisha yake alikuwa Unguja, mzee wa miaka sitini na zaidi, na alifariki huko mwaka 1905. Alijua mwisho wote: kwamba kutoka pale walipokutana Stanley aliushuka mto, na kwa hesabu yake mwenyewe akapigana na watu wa kingoni zaidi ya mara 30, kwamba bunduki za upesi zilirudi Kasongo miaka kumi na saba baadaye, kwamba zilimkuta Sefu huko. Angeweza kuifanya bunduki ile ya risasi kumi na tano kuwa dalili ya msiba. Waandishi wengi wangefanya hivyo. Yeye aliuhifadhi mchana ule kama ulivyokuwa kabla ya msiba kujulikana, pamoja na shaka yake, uongo wake wa upinde, na swali lake la fundi kuhusu namna ya kujaza.

Wanafunzi wanaosoma kitabu hiki darasani huulizwa mara nyingi kama Tippu Tip anajutia. Ningependa waupime ukurasa huu kabla ya kujibu, na wahesabu: kumi na mbili za bunduki, sita za bastola. Zote kumi na nane zilipigwa nje ya nyumba, katika nchi ya watu, na msimulizi hasemi zilianguka wapi.