Yatta: mji ulioongezeka watu huku ardhi yake ikipungua

Kusini mwa Hebron, pale milima ya Palestina inapoanza kuteremkia jangwani, upo mji wa Yatta. Upande wake wa magharibi kuna mizeituni na mizabibu. Ukielekea mashariki, mvua hupungua kilomita baada ya kilomita, hadi unafika kwenye mabonde yasiyostawisha kitu isipokuwa shayiri na nyasi za msimu mfupi wa mvua. Sensa ya Palestina ya mwaka 2017 ilihesabu humo wakazi zaidi ya 63,000. Kwa idadi hiyo Yatta ni mji mkubwa. Lakini mizizi yake ni kondoo, nafaka na mizeituni, na vitongoji vyake vya mbali, vinavyojulikana kwa pamoja kama Masafer Yatta, ni vya wafugaji na wakulima mpaka leo.

Ripoti za mashirika ya misaada huorodhesha shida zake kwa mpangilio unaofanana mwaka hadi mwaka: maji, maji taka, barabara, madarasa, umeme wa vitongoji, ajira za vijana. Orodha hiyo ni ya kweli. Kasoro yake ni kwamba inasomeka kana kwamba upungufu huo ni mapenzi ya hali ya hewa. Upungufu wa Yatta una historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo haikuandikwa kwa bunduki bali kwa sheria za ardhi, ramani na vibali.

Mahali penyewe ni pa kale sana. Biblia inautaja mji wa Yuta katika milima ya Yuda, na katika karne ya 4 Eusebius wa Kaisaria alieleza kuwa ni kijiji kikubwa cha Wayahudi. Chini ya Waosmani kilikuwa kijiji cha Waislamu. Wapimaji wa Kiingereza wa Palestine Exploration Fund, waliopita huko katika karne ya 19, walikikuta kijiji kikubwa cha nyumba za mawe juu ya kilima, kikitegemea maji ya mvua yaliyohifadhiwa katika visima vilivyochongwa kwenye mwamba. Walielezwa kwamba kijiji kina kondoo wapatao 17,000, mbali na mbuzi, ng'ombe, ngamia na punda. Tuikumbuke takwimu hiyo. Kijiji chenye mifugo kiasi hicho hakiishi kwenye kilima kimoja. Kinaishi kwa nafasi: malisho ya kipupwe mashariki, mashamba ya ngano karibu, mapango ya kuwahifadhi watu na wanyama wakati wa baridi, na soko la kuuzia sufu, samli na jibini.

Ni katika karne hiyohiyo ya 19 ambapo jambo lililoonekana dogo lilitokea Istanbul. Mwaka 1858 dola ya Waosmani ilitunga Sheria ya Ardhi iliyotaka mashamba yasajiliwe. Wakulima wengi wa Palestina hawakusajili, au walisajili eneo dogo kuliko walilolima, kwa sababu jina likiingia daftarini mtoza kodi hulifuata, na baada yake afisa wa kuandikisha askari. Kijijini kila mtu alijua shamba la nani linaishia wapi, kwa hiyo karatasi haikuonekana na faida. Sheria hiyo pia ilisema kwamba shamba lisilolimwa miaka mitatu mfululizo bila sababu laweza kurudi mikononi mwa dola. Na ardhi iliyo mbali na makazi, kiasi kwamba sauti ya mtu anayeita kutoka nyumba ya mwisho haisikiki, ilihesabiwa kuwa ardhi mfu. Waliotunga vifungu hivyo walikuwa wakitafuta kodi na mavuno. Zaidi ya miaka 120 baadaye vifungu hivyohivyo vilitumika kwa kazi nyingine kabisa.

Uingereza ilishika utawala baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, dhamana ambayo kwa daraja tofauti ndiyo iliyoiweka Tanganyika chini ya Uingereza pia. Sensa ya mwaka 1922 ilihesabu watu 3,179 Yatta. Kufikia mwaka 1945 walikadiriwa kuwa 5,260, na eneo la kijiji lilipimwa kuwa dunamu 174,172, yaani zaidi ya hekta 17,000. Huo ulikuwa ukubwa unaolingana na maisha ya ufugaji. Waingereza walianza kupima mashamba na kuthibitisha hatimiliki, lakini kazi hiyo ilianzia tambarare na mabonde yenye rutuba. Milima ya kusini ya Hebron ilisubiri zamu yake, na zamu haikufika.

Vita vya mwaka 1948 vilipoisha, mstari wa kusitisha mapigano ulipita kusini mwa Yatta. Beersheba, mji ulioanzishwa na Waosmani mwaka 1900 kuwa soko la wafugaji wa jangwa la Naqab, uliangukia upande wa Israel. Soko na malisho ya upande huo yakatoweka. Baadhi ya Mabedui waliofukuzwa kutoka eneo la Arad walivuka na kununua ardhi karibu na Yatta. Kizazi chao ndicho kinachoishi katika kitongoji cha Umm al-Khair leo. Jordan, iliyotawala Ukingo wa Magharibi, Yatta ikiwemo, hadi mwaka 1967, ilielekeza uwekezaji wake zaidi mashariki ya Mto Yordani, na vijana wa milimani wakaenda kutafuta kazi Amman na Kuwait. Novemba 1966 jeshi la Israel lilivuka mpaka na kushambulia as-Samu, mji jirani, likabomoa nyumba zaidi ya 100. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lililaani shambulio hilo kwa Azimio namba 228. Siku hiyohiyo nyumba za mawe za Jinba, kitongoji cha Masafer Yatta, zilibomolewa pia.

Ukaliaji wa Israel ulioanza Juni 1967 ulileta amri za kijeshi, na nne kati yake ndizo zinazoeleza maisha ya Yatta kuliko hotuba yoyote. Kwa amri namba 92 na 158 za mwaka huo, mamlaka yote ya maji yaliwekwa chini ya jeshi, na uchimbaji wa kisima chochote kipya ukahitaji kibali. Kwa amri namba 291 ya mwaka 1968, upimaji na usajili wa ardhi ulisimamishwa, wakati ni kama theluthi moja tu ya Ukingo wa Magharibi iliyokuwa imekamilishwa. Mwaka 1971 amri namba 418 ikaondoa kamati za mipango za wenyeji zilizowekwa na sheria ya Jordan. Kuanzia hapo, mkulima wa Yatta hakuweza kusajili shamba, kuchimba kisima wala kushiriki kuamua barabara ipite wapi.

Wakati huohuo milango ya ajira ndani ya Israel ilifunguliwa. Kibarua wa ujenzi alipata fedha ambazo shayiri ya mlimani isingempa kamwe, na haishangazi kwamba wengi walikwenda. Lakini hapa ndipo mtego ulipofyatuka. Mwaka 1979, katika kesi ya Elon Moreh, Mahakama Kuu ya Israel ilikataa ardhi binafsi ya Wapalestina itwaliwe kwa kisingizio cha usalama ili kujengea makazi ya walowezi. Serikali ikageukia ile sheria ya 1858: ardhi isiyosajiliwa na isiyolimwa mfululizo ikatangazwa kuwa mali ya dola. Babu hakusajili kwa kuogopa kodi, baba alizuiwa kusajili kwa amri ya jeshi, mwana akaacha kulima kwa sababu kibarua kilikuwa mbali. Matokeo ya yote matatu yakawa mamoja. Makazi ya walowezi ya Carmel, Ma'on na Susya yalisimama mashariki na kusini mwa Yatta mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Miaka hiyohiyo dunamu zipatazo 30,000 za Masafer Yatta zilitangazwa kuwa eneo la mazoezi ya kijeshi, namba 918. Kumbukumbu za kikao cha mwaka 1981, zilizotolewa hadharani mwaka 2020, zinaonyesha Ariel Sharon, aliyekuwa waziri wa kilimo, akipendekeza maeneo ya mazoezi kusini mwa Hebron ili kuzuia vijiji vya Waarabu visienee. Baadaye serikali ilidai mahakamani kwamba wakazi walikuwa wapitaji wa msimu tu, ilhali maisha ya familia za mapangoni yalikuwa yameandikwa kitabu kizima na mtafiti wa Kiisraeli, Yaacov Havakook, na kuchapishwa na Wizara ya Ulinzi ya Israel yenyewe. Novemba 1999 watu wapatao 700 walifukuzwa. Mwaka 2000 mahakama iliwaruhusu kurudi kwa muda, na kesi ikavutwa kwa zaidi ya miaka 20. Tarehe 4 Mei 2022 iliamuliwa dhidi yao.

Mkataba wa pili wa Oslo, wa mwaka 1995, ndio uliompa mkazi wa leo ramani anayoishi nayo. Mji wenyewe uko chini ya Mamlaka ya Palestina kwa mambo ya kiraia. Masafer iko Eneo C, ambalo ni kama asilimia 60 ya Ukingo wa Magharibi na liko chini ya jeshi la Israel kikamilifu. Kati ya mwaka 2016 na 2018 Wapalestina waliomba vibali 1,485 vya ujenzi katika Eneo C. Vilivyotolewa ni 21. Kwa hiyo choo, banda la kondoo, darasa au paneli za sola vinaweza kubomolewa kwa kukosa karatasi ambayo haipatikani. Familia zinazokua hubanana mjini, bei ya kiwanja hupanda, na hata mizeituni iliyo karibu na mji hukatwa kupisha nyumba.

Maji ndiyo kipimo kikali zaidi. Taarifa ya mwaka 2023 ya B'Tselem, shirika la Kiisraeli la haki za binadamu, ilionyesha kuwa Mpalestina wa Ukingo wa Magharibi hutumia wastani wa lita 82 kwa siku, Mwisraeli lita 247, na mkazi wa jamii isiyounganishwa na bomba lita 26. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni lita 100. Mjini Yatta maji ya bomba huja kwa mgao, na ndiyo maana kila paa lina matangi. Huko Masafer huletwa na boza kwa njia mbovu, kwa bei inayopita mara kadhaa ile ya bomba, huku bomba la makazi ya walowezi likipita karibu. Kisima cha mvua kilichochongwa na mababu bado ni mali kuliko nyumba. Na bondeni, jirani na mji, hupita mkondo wa maji taka yatokayo Hebron na makazi ya Kiryat Arba, yamechanganyika na tope jeupe la viwanda vya kukata mawe. Maji hayo husafishwa baada ya kuvuka mstari na kuingia Israel, na gharama yake hukatwa kutoka kodi za Wapalestina. Mkulima wa Yatta anayepitiwa nayo hapati hata ndoo ya kumwagilia.

Elimu nayo ina sura yake. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2004 watoto wa kitongoji cha Tuba walikwenda shule ya kijiji cha at-Tuwani wakisindikizwa na gari la jeshi, kwa sababu walowezi waliwashambulia njiani. Kizazi kimoja kimemaliza shule hivyo, na bado wazazi hawajakata tamaa ya kuwasomesha watoto wao.

Baada ya vita vya Gaza kuanza Oktoba 2023, vibali vya kufanya kazi Israel vilisitishwa kwa walio wengi, na mji uliokuwa umeegemea mshahara huo ukabaki na ardhi iliyopungua na vijana wasio na kazi. Mashambulizi ya walowezi yaliongezeka. Julai 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba ukaliaji huu ni kinyume cha sheria. Mei 2025 matingatinga yalibomoa sehemu kubwa ya kitongoji cha Khallet a-Dab'a.

Yatta inahitaji mtambo wa maji taka, hospitali iliyopanuliwa, masoko ya jibini na nyama yake, na mikopo kwa wafugaji. Vyote hivyo vinajulikana na vina watu wa kuvifanya. Haja iliyo mbele ya hizo ni mamlaka: wenyeji wasajili ardhi yao, wachimbe visima vyao, wapange mji wao. Serikali zinazochangia matangi na mahema zisiishie kwenye risiti za misaada. Ziseme wazi kwamba eneo namba 918 lifutwe, bomoabomoa ikome, na watu waliofukuzwa warudishwe makwao.