Mgeni Asiye na Pasipoti

Wakazi wa Tabata tunapita Barabara ya Mandela kila siku bila kumfikiria Mandela. Kwetu ni foleni, ni malori ya Kongo na Zambia, ni konda anayeita "Buguruni, Tazara, Temeke!" Pale Tazara inakutana na Barabara ya Nyerere, kwenye daraja la Mfugale lililofunguliwa mwaka 2018. Wenye majina hayo walikutana zamani, Januari 1962, na mmoja wao alikuwa mgeni asiye na pasipoti.

Nelson Mandela alikuwa na miaka 43 na hakuwa amewahi kukanyaga nje ya kusini mwa Afrika. Chama chake, ANC, kilikuwa kimepigwa marufuku tangu 1960. Akavuka mpaka kwa siri hadi Bechuanaland, Botswana ya leo, akapanda ndege ndogo mpaka Mbeya. Alikuwa njiani kwenda Addis Ababa kwenye mkutano wa vyama vya ukombozi. Tanganyika yenyewe ilikuwa changa: uhuru wake haukuwa umetimiza hata miezi miwili.

Niliifungua Long Walk to Freedom nikitafuta habari za mikutano ya viongozi, kwa ajili ya utafiti wangu wa shahada ya uzamili. Kilichonishika ni mapokezi ya hoteli. Mandela na mwenzake, Joe Matthews, walifika Mbeya wakakuta Weusi na Weupe wameketi barazani wakizungumza, jambo ambalo kwao halikuwezekana. Walikuwa wakimsubiri John Mwakangale, mbunge wa TANU, ambaye kumbe alishapita kuwaulizia. Mteja mmoja Mwafrika akamuuliza mama wa Kizungu aliyekuwa mapokezi kama ni kweli. Mama akakiri kwamba alisahau kuwaambia. Yule bwana akamwonya kwa upole, lakini bila kumung'unya maneno, kwamba hawa ni wageni wa nchi na wanastahili kuangaliwa vizuri. Hapo ndipo Mandela alipoamini kuwa yuko katika nchi inayotawaliwa na Waafrika. Hakuaminishwa na waziri wala gwaride. Aliaminishwa na mteja wa hoteli aliyeona jambo halijakaa sawa, akasema.

Ninaelewa kidogo. Nilipotoka nchini peke yangu kwa mara ya kwanza, kwa basi la Nairobi, niliipapasa pasipoti mfukoni tangu Arusha. Namanga, mama mmoja mfanyabiashara aliyekaa kiti cha nyuma akaniambia, "Mwanangu, simama nyuma yangu, mimi njia hii nimeizoea." Wasiwasi uliisha kabla muhuri haujagongwa. Sura ya afisa nimeisahau. Ya yule mama ninayo.

Dar es Salaam, Mandela alishangaa kukuta Nyerere anaishi katika nyumba ya kawaida na anaendesha mwenyewe kigari kidogo. Hawakukubaliana katika yote. Nyerere alimshauri waahirishe mapambano ya silaha mpaka Robert Sobukwe atoke gerezani. Hata hivyo Tanganyika ilimpa karatasi iliyosema kwamba huyu ni Nelson Mandela, raia wa Afrika Kusini, na ana ruhusa ya kuondoka Tanganyika na kurudi. Basi.

Karatasi hiyo ilijaribiwa Khartoum. Mzee wa uhamiaji aliitazama, akamwita Mandela mwanangu, akamkaribisha Sudan na kugonga muhuri. Nyuma yake alikuwa Hymie Basner, Mzungu mpinzani wa ubaguzi, mwenye karatasi ya aina ileile. Mzee akaja juu: hiki ni kitu gani? Mzungu anakosaje pasipoti? Basner akaeleza kwamba anateswa kwao kwa kuwatetea Weusi, na Mandela akasimama kando akitikisa kichwa kuthibitisha kila neno. Ndipo mzee akalegea. Kilichowavusha wote wawili ni mtu aliyekubali kuwaamini.

Ethiopia baadaye ilimpa Mandela mafunzo ya kijeshi, na pasipoti kwa jina la David Motsamayi. Aliporudi kwao alikamatwa tarehe 5 Agosti 1962. Novemba akahukumiwa miaka mitano: mitatu kwa kuchochea mgomo, miwili kwa kutoka nchini bila pasipoti halali. Siku ile ya Mbeya ilikuwa sehemu ya kosa hilo la pili.

Shuleni tulifundishwa mchango wa Tanzania katika ukombozi kupitia kambi, na Kongwa ilikuwa ya kwanza kutajwa. Juni 2012, katika wilaya hiyohiyo ya Kongwa, ilipatikana miili ya Waethiopia zaidi ya 40 waliokosa hewa ndani ya lori. Walikuwa wakielekea kusini, kwenye njia ambayo wengi wao huifuata hadi Afrika Kusini. Kwenye magazeti yetu watu kama hao huitwa wahamiaji haramu, na wanaokamatwa wakiwa hai hupelekwa mahakamani.

Najua nchi lazima ijue nani anaingia, na Mandela alikuwa na mbunge wa kumuulizia hotelini. Wale wa Kongwa hawakuwa na wa kuwaulizia. Lakini mwaka 1962, katika nchi iliyokuwa maskini kuliko ilivyo leo, mtu aliyekuwa akipita tu mapokezi aliona wageni wamesahaulika, akasimama kuwasemea, na wala hakuwaomba karatasi.