Siri ya Mgonjwa ni Amana: Kinachoandikwa Zahanati na Nani Ana Haki ya Kukijua



Familia nyingi za Unguja na Pemba zina mtu wao bara: kijana mwenye duka Tunduma mpakani, mwalimu aliyepangiwa kazi Mbozi, binti aliyeolewa huko. Mtu huyo akiumwa, simu hupigwa huku na huku, na swali linalozuka lina sura nyingi lakini asili yake ni moja. Mume ana haki gani ya kusoma faili la mkewe? Walii anaweza kumuuliza muuguzi kuhusu afya ya mchumba? Daktari akijua kuwa mgonjwa wake anamhatarisha mtu mwingine, anyamaze?

Tuchukue Itaka, kata ya Wilaya ya Mbozi katika Mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mbozi ni nchi ya kahawa na mahindi. Katika kata za vijijini kama hiyo, anayekupokea mlangoni huenda ni shemeji wa jirani yako, na muuguzi aliyekupima asubuhi mtakutana naye sokoni jioni. Binti kutoka Pemba anayeishi sehemu kama hiyo ni mgeni, na baibui lake tu linatosha kumtambulisha. Akionekana benchini siku ya kliniki fulani, watu wameshamaliza hesabu zao kabla hajaitwa jina. Kwa sababu hiyo wako wagonjwa wanaoacha kituo kilicho karibu na nyumba zao na kupanda gari hadi Vwawa au Tunduma kuchukua dawa, na nauli ikikosekana dawa hukatika. Siri inayovuja humtoa mgonjwa kwenye tiba.

Kinachoandikwa

Mgonjwa wa nje katika vituo vingi vya bara huja na daftari lake la kawaida la shule. Daktari huandika humo malalamiko, vipimo na dawa, kisha mgonjwa hurudi nalo nyumbani. Hiyo ni kumbukumbu ya tiba inayolala juu ya kabati, na mtoto anayejua kusoma huisoma. Mjamzito hupewa kadi ya kliniki, na mtoto kadi yake ya maendeleo ya ukuaji. Anayetumia dawa za VVU ana kadi ya kliniki ya tiba na matunzo (CTC) anayokaa nayo mwenyewe, na nyingine hubaki kituoni.

Kituo nacho kina vitabu vyake vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Humo mna jina, umri, kijiji na ugonjwa. Kinachopelekwa wilayani kila mwezi ni hesabu: wangapi walikuwa na malaria, wangapi walijifungua. Majina hubaki kituoni. Siku hizi vituo vingi vya Serikali vinatumia pia mfumo wa kompyuta, ambao una faida yake na hatari yake. Kitabu lazima ukifuate chumbani kilipo, lakini kompyuta iliyoachwa wazi husomwa na yeyote aliyesimama nyuma ya kiti.

Mwenye kadi ya NHIF aelewe jambo moja zaidi. Fomu ya madai anayotia sahihi ina ugonjwa uliogunduliwa na dawa alizopewa, na huenda kwa Mfuko ili kituo kilipwe. Kwa hiyo asitie sahihi fomu tupu. Kufanya hivyo ni kuridhia kitu asichokijua, na inaweza kuandikwa tiba ambayo hakuipata.

Hukmu ya siri katika Shari'ah

Allaah (Subhaanahu wa Ta'ala) ametuamrisha katika Suratun-Nisaa, Aayah ya 58, kuzifikisha amana kwa wenyewe, na katika Suratul-Hujuraat, Aayah ya 12, ametukataza kupelelezana na kusengenyana. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) ametufundisha kuwa mtu akikuambia jambo huku akigeuka kutazama kama yupo anayesikia, basi jambo hilo limeshakuwa amana, japo hakutamka neno 'siri'. Sasa mgonjwa aliyeingia chumba cha daktari na mlango ukafungwa nyuma yake, yeye amegeuka kutazama zaidi ya hivyo.

Baraza la Kimataifa la Fiqh ya Kiislamu (Majma'ul-Fiqhil-Islaamiy) lililitazama suala hili katika kikao chake cha nane, Bandar Seri Begawan, Brunei, mwezi Juni 1993. Azimio namba 79 linasema asili ni kuwa kutoa siri ni haramu, na kwamba wajibu wa kuitunza ni mkubwa zaidi kwa wenye kazi ambazo siri ikivuja kazi yenyewe huharibika, wa mwanzo wakiwa watu wa tiba. Siri kwa mujibu wa azimio hilo si yale tu mgonjwa aliyoomba yafichwe. Inaingia pia kila ambacho ada na hali ya mambo huonyesha kuwa mtu hapendi kijulikane.

Hapa inafaa kuongeza kwamba amana haimshiki daktari peke yake. Inamshika karani, mfamasia, mfagiaji aliyesikia kupitia ukutani, na mkalimani. Huko Mbozi wapo wazee wa Kinyiha ambao Kiswahili chao ni cha shida, na aghalabu jirani ndiye anayewatafsiria. Jirani huyo ameshabeba amana. Vivyo hivyo shekhe anayesomea ruqya: aliyoambiwa na mgonjwa wake hayaendi barazani.

Ni wakati gani siri hutolewa?

Azimio hilohilo limeacha mlango, lakini ni mwembamba. Pale ambapo kunyamaza kutaleta madhara makubwa kuliko kusema, hubebwa madhara madogo ili yaondoke makubwa. Mgonjwa wa kipindupindu lazima aripotiwe, kwa sababu kijiji kizima kinachota kisima kimoja. Mtu aliyepigwa hujaziwa PF3 ya polisi, na humo daktari huandika majeraha aliyoyaona. Hata hapo, anayeambiwa ni mhusika tu, na kinachosemwa ni kile kinachohitajika tu. Kuripoti kipindupindu wilayani hakumruhusu mtu kumtaja mgonjwa kilabuni wala msikitini.

Suala gumu kuliko yote ni la wanandoa na VVU. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008, inayotumika bara, inasema majibu ni siri na hupewa aliyepimwa. Imetaja wachache wanaoweza kupewa: mzazi au mlezi ikiwa aliyepimwa ni mtoto, mlezi wa asiyeweza kufahamu, mwenza wa aliyepimwa, na mahakama. Sheria hiyo pia imemtaka aliyejijua ana maambukizi amjulishe mwenza wake. Mwaka 2019 ilirekebishwa, na umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi ukashushwa kutoka miaka 18 hadi 15. Wazazi wengi hawalijui hilo: kijana wa miaka 16 anaweza kwenda kupima mwenyewe.

Kwa upande wa fiqhi, kumficha mke au mume jambo linaloweza kumuua ni dhulma, na Baraza la Fiqh katika kikao chake cha tisa, Abu Dhabi, Aprili 1995, lilimpa aliye mzima haki ya kuomba kutengana. Utaratibu mzuri, na ndio unaofundishwa kwa washauri nasaha, ni mgonjwa kwanza ahimizwe aseme mwenyewe, apewe nafasi, na ikibidi aitwe mwenza wasemezane mbele ya mshauri. Muuguzi anayetoka chumbani na kumpigia simu mama mkwe hana pa kujificha, si katika sheria wala katika dini. Mama mkwe si mwenza.

Na mchumba je? Wengi hutoa ushahidi wa Faatwimah bint Qays (Radhwiya Allaahu 'anha), aliyeposwa na wawili, Mu'aawiyah na Abu Jahm, akaja kumtaka shauri Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), naye akamweleza wazi dosari ya kila mmoja: huyu hana mali, na yule fimbo haimtoki begani. Kutokana na kisa hiki maulamaa wamesema anayetakwa shauri la ndoa na aseme kweli, wala hiyo si ghiba. Lakini tofauti lazima ionekane. Jirani anayejua kuwa mposaji ni mlevi amelijua hilo kwa macho yake mtaani. Muuguzi amelijua lake kwa kuaminiwa chumbani, na wagonjwa wakijua kuwa kila walii anaweza kumwendea, hapana atakayekuja kupima. Kwa rai yetu, jibu lake kwa walii liwe moja kwa kila anayemuuliza, awe mposaji huyo ni mzima au mgonjwa: "Nendeni wote wawili mkapime, na majibu myapokee pamoja." Akijibu hivyo kwa mmoja na kumwambia mwingine "huyo hana neno", ameshatoa siri ya yule wa kwanza.

Mume anayetaka kujua kama mkewe anatumia uzazi wa mpango ana hoja yake, kwa kuwa Baraza la Fiqh katika kikao cha Kuwait cha mwaka 1988 liliruhusu kupanga uzazi kwa muda pale panapokuwa na mashauriano na kuridhiana baina ya mke na mume. Mke asilifanye kwa kificho. Lakini haki hiyo mume aidai kwa mkewe nyumbani. Kwenda kumtisha mhudumu dirishani si njia yake.

Sheria ya taarifa binafsi, bara na visiwani

Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na iko Tume inayoisimamia. Taarifa za afya zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti, ambazo kwa kawaida hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi ya mwenyewe, isipokuwa kwa mambo yaliyotajwa, tiba ikiwemo. Mwenye taarifa ana haki ya kujua kilichoandikwa juu yake na kutaka kosa lirekebishwe.

Ndugu zetu wa visiwani wazingatie kuwa sheria hiyo, kwa upande wa Zanzibar, haigusi mambo yasiyo ya Muungano, na afya si jambo la Muungano. Aliyetibiwa Itaka na aliyetibiwa Wete hawasimami chini ya kanuni zilezile, na malalamiko ya hospitali za visiwani hupelekwa Wizara ya Afya ya Zanzibar. Hukmu ya amana, hata hivyo, haibadiliki ukivuka bahari.

Sitara wakati wa kutibiwa

Katika kikao kilekile cha Brunei, azimio namba 81 lilipanga daraja za anayemtibu mwanamke: kwanza daktari mwanamke Muislamu, akikosekana mwanamke asiye Muislamu anayeaminika, kisha mwanamme Muislamu, kisha mwanamme asiye Muislamu. Anayetibu asitazame zaidi ya panapohitajika, na awepo mahram, mume au mwanamke mwaminifu ili kuepuka khalwa.

Kijijini mara nyingi tabibu wa zamu ni mmoja tu. Dada asirudi nyumbani na maumivu kwa sababu zamu ni ya mwanamme, kwani dharura imeshazingatiwa ndani ya azimio lenyewe. Aombe muuguzi mwanamke abaki chumbani, na pazia livutwe. Ombi hilo ni la kawaida, aliseme bila ya kuona haya. Ila mahram aliyekuja kwa ajili ya sitara asigeuke kuwa msikilizaji wa kila kitu. Daktari anapouliza maswali ya faragha, mgonjwa ana haki ya kumwomba kaka yake asubiri mlangoni na muuguzi abaki.

Anayelipia tiba binafsi

Mwaka 1977 Tanzania ilipiga marufuku tiba binafsi ya biashara, na mwaka 1991 ikairuhusu tena. Leo wengi huenda huko wakiamini kuwa fedha inanunua siri. Chumba huwa kizuri zaidi na foleni fupi, hilo kweli. Lakini zahanati ya mtu binafsi inaweza kuuzwa au kufungwa, na mafaili yake yakabaki bila mwenyewe. Kabla ya kulipa, uliza: faili langu linakaa wapi, na nikihamia Unguja nitapataje nakala? Barua ya rufaa iombe ndani ya bahasha iliyofungwa, hasa inapobebwa na ndugu au kondakta wa basi.

Uvujaji wa nyumbani

Siri nyingi hazivuji zahanati. Picha ya cheti cha maabara hutumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo na maneno "tumuombeeni mama", na kufikia Magharibi imeshafika Muscat. Dua haihitaji jina la ugonjwa. Allaah Anamjua mama na Anakijua kinachomsumbua. Hali kadhalika kumpiga picha mgonjwa akiwa na mipira puani, bila ya yeye kuridhia. Na siri haikatiki kwa mauti: anayeosha maiti ameamrishwa kusitiri alichokiona.

Ikiwa siri imevujia kituoni, aliyedhulumiwa aanze kwa mganga mfawidhi, kwa maandishi, akitaja siku na aliyehusika. Asiporidhika aende kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Kwa upande wa bara lipo Baraza la Madaktari Tanganyika kwa madaktari, Baraza la Uuguzi na Ukunga kwa wauguzi, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kusema mbele ya mwenye mamlaka kuwa umedhulumiwa si ghiba. Na wakati shauri likiendelea, dawa zisikatishwe. Akiona uzito kurudi pale, aombe barua ya kuhamishiwa kituo kingine.

Wa Allaahu A'lam.