Sindano salama Mombasa

Sindano salama ni jina la jumla la mabomba, sindano, kanula na mipira ya dripu vilivyobuniwa ili dawa iingie mwilini bila kuleta maradhi mengine: kwa mgonjwa, kwa anayemhudumia, au kwa mtoto atakayekanyaga sindano iliyotupwa uchochoroni. Kisiwa cha Mombasa kinafaa kuwa mfano wa maelezo haya kwa sababu, ndani ya eneo dogo, sindano hupita katika mikono ya aina mbili. Kuna mkono wa muuguzi katika Hospitali Kuu ya Pwani, katika Hospitali ya Aga Khan iliyofunguliwa mwaka 1944, na katika zahanati za mitaani. Kuna pia mkono wa mtu anayejidunga heroini kwenye maskani za Mji wa Kale na mitaa inayopakana nao. Makala haya yanashikilia kwamba hakuna sindano moja iliyo salama kwa mikono yote miwili. Uvumbuzi uliookoa maisha mengi katika chumba cha chanjo huweza kuleta hasara maskani, na mji unaotaka kujikinga hauna budi kununua na kugawa vifaa tofauti kwa watu tofauti, bila kuona haya.

Hatari ya kwanza iliyowasumbua wavumbuzi ni kutumia sindano moja kwa watu wengi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba mwaka 2000 pekee sindano zisizo salama ziliwaambukiza watu milioni 21 homa ya ini aina ya B, milioni 2 homa ya ini aina ya C, na watu 260,000 virusi vya UKIMWI. Mwingereza Marc Koska alianza kulishughulikia jambo hili mwaka 1984. Bomba lake, K1, linafanana na bomba la kawaida na hutengenezwa kwa mashine zilezile, ila ndani yake mna pete ndogo inayoiachia pistoni ishuke na kuizuia isirudi. Anayeivuta kwa nguvu huivunja. Huko Marekani, shirika la PATH lilibuni SoloShot, yenye kipande cha chuma kinachokwama ndani ya bomba baada ya dozi moja. Mwaka 1999 WHO, UNICEF na UNFPA zilitoa tamko la pamoja kwamba hadi mwisho wa 2003 chanjo zote zitolewe kwa sindano za kujifunga za aina hii. Kenya ilianzisha chanjo ya pamoja ya magonjwa matano mwaka 2001, na leo mzazi anayempeleka mwanawe kliniki huona bomba likikwama mkononi mwa nesi bila kujua kwamba kukwama huko ndiko ulinzi wenyewe.

Mafanikio yake hayana shaka, ingawa yanahitaji kupimwa kwa uangalifu. Kufikia 2010 makadirio ya maambukizi ya UKIMWI kwa njia hii yalikuwa yameshuka hadi watu wasiozidi 34,000 kwa mwaka duniani kote. Si haki kuipa pete ya plastiki sifa yote hiyo. Wahudumu walifundishwa, serikali zilinunua mabomba mengi zaidi, na chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo ni mojawapo ya zile tano, ilipunguza idadi ya watu wanaoweza kuambukizwa. Aidha, chanjo ni kama asilimia 5 tu ya sindano zote zinazodungwa duniani; zilizobaki karibu zote ni za matibabu, na huko bomba la kawaida liliendelea kutawala. Ndiyo maana Februari 2015 WHO ilitoa mwongozo mpya ukitaka nchi zihamie kwenye mabomba yasiyoweza kurudiwa hata kwa dawa za kawaida, lengo likiwa 2020. Pingamizi lililosikika zaidi lilikuwa la bei: bomba la kawaida liligharimu senti 3 hadi 4 za dola ya Marekani, na lile jipya angalau mara mbili yake. Pingamizi hilo halisimami mbele ya hesabu ya dawa za maisha kwa mtu mmoja tu aliyeambukizwa. Lakini lina ukweli mmoja ndani yake: zahanati isiyo na fedha hununua mabomba machache, na uchache wa mabomba ndio ulioanzisha tabia ya kuyarudia.

Uchache huo ulionekana wazi wakati wa UVIKO-19. Sindano ya kujifunga hutengenezwa kwa kipimo maalumu. Za chanjo nyingi za watoto ni za mililita 0.5, ilhali dozi ya Pfizer ilikuwa mililita 0.3, na dunia haikuwa na akiba ya mabomba ya kipimo hicho. Oktoba 2021 ofisi ya WHO ya Afrika iliitaja Kenya miongoni mwa nchi zilizocheleweshewa sindano. Kifaa kilichobuniwa kwa usalama kilikuwa kimefungamana na dozi moja na viwanda vya mbali. Kwa sababu hii kiwanda cha Revital Healthcare katika kaunti jirani ya Kilifi, kinachotengeneza sindano za kujifunga na kilichopata msaada wa Bill & Melinda Gates Foundation kupanua kazi hiyo, kina maana kubwa kwa Pwani kuliko fahari ya kuandikwa bidhaa ya Kenya. Chanjo haisubiri meli.

Mkono wa muuguzi nao unahitaji kinga. Ajali nyingi za kujichoma hutokea baada ya dawa kuingia, pale mhudumu anapojaribu kurudishia kifuniko au anapotafuta pa kuitupa sindano. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2000 kuwalazimisha waajiri watumie vifaa vyenye kinga, kama vile sindano zinazorudi ndani ya bomba na kanula zenye ala inayoifunika ncha inapochomolewa. Kenya ilitoa sera ya kitaifa ya usalama wa sindano na taka za hospitali mwaka 2007. Kifaa kilichoenea zaidi hapa ni cha bei nafuu kupita vyote: kisanduku cha manjano cha kadibodi ngumu, chenye tundu la kuingizia na lisilopitisha mkono, kinachochukua mabomba kama mia moja. Kikijazwa kupita robo tatu, ncha huanza kuchungulia tunduni, na hapo kisanduku cha kinga hugeuka mtego. Basi hata katika hospitali, usalama unategemea kama kuna kisanduku kingine tupu stoo.

Kwa dripu jambo ni gumu zaidi, kwani hatari yake kubwa ni kiasi kinachoingia, na kiasi hakionekani kwa macho kama pistoni iliyokwama. Mpira wa kawaida wa dripu hutoa matone 20 kwa mililita moja, wa watoto matone 60, na muuguzi huyahesabu kwa saa huku akikaza au kulegeza gurudumu dogo. Chupa ya bureti, inayoning'inizwa kati ya mfuko na mshipa na kujazwa kiasi kidogo kwa wakati, humkinga mtoto asimiminiwe lita nzima gurudumu likilegea. Hata hivyo kazi kubwa kuhusu dripu iliyofanyika Afrika Mashariki haikuwa ya kifaa. Utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland kutoka Kilifi na kuhusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, ulionyesha mwaka 2011 kwamba kuwaongezea maji mengi kwa haraka watoto wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu kuliongeza vifo: takriban asilimia 10.5 walikufa ndani ya saa 48, dhidi ya asilimia 7.3 ya waliopewa maji taratibu. Mwaka uliotangulia, utafiti wa AQUAMAT, ambao Kilifi pia ilishiriki, ulionyesha kwamba artesuneti iliokoa watoto wengi wenye malaria kali kuliko kwinini. Kwinini ya mshipani huhitaji dripu ya saa kadhaa. Artesuneti hudungwa kwa dakika chache, na hata kwenye msuli. Hapo njia ya kuingiza dawa ilikuwa salama zaidi kwa sababu dawa yenyewe ilibadilika. Jambo hili linawahusu pia wagonjwa wanaoamini, kama wengi Pwani, kwamba hospitali isiyodunga sindano haijatibu: kidonge kinachotosha ni salama kuliko sindano bora kuliko zote.

Sasa tuje maskani, ambako maelezo ya kawaida ya sindano salama huishia njiani. Heroini ilienea Mombasa kuanzia miaka ya 1980, na kwa muda mrefu ilivutwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, unga mweupe ulipoingia sokoni na kuichukua nafasi ya ule wa kahawia, kujidunga kuliongezeka katika miji ya Pwani. Makadirio ya kitaifa yaliyotumika mwanzoni mwa miaka ya 2010 yalionyesha kwamba asilimia 18.3 ya wanaojidunga Kenya waliishi na virusi vya UKIMWI, wakati kiwango cha watu wazima kwa jumla kilikuwa asilimia 5.6 katika utafiti wa 2012. Mtu akizitazama takwimu hizi na kuukumbuka ushindi wa bomba la kujifunga, atauliza mara moja: kwa nini mateja wasipewe mabomba hayohayo, yasiyoweza kuazimwa?

Jibu liko katika jinsi mshipa unavyopatikana. Anayejidunga huvuta pistoni nyuma kidogo aone damu, ajue kwamba ncha imeingia mahali pake, na huenda akajaribu mara kadhaa, hasa ikiwa mishipa imechakaa. Bomba la chanjo halina nafasi hiyo. Likikwama kabla ya wakati, dozi iliyonunuliwa kwa shida imepotea ndani ya plastiki, na mtu mwenye arosto, yaani mateso ya kuikosa dawa, ataazima bomba la mwenzake. Mwongozo wa WHO wa 2015 wenyewe uliacha nafasi kwa mabomba ya kawaida katika miradi ya kuwagawia sindano wanaojidunga. Kwa watu hawa, uvumbuzi wenye faida ni mwingine. Katika mabomba ambayo sindano huchomekwa mwishoni, nafasi kati ya pistoni na ncha hubaki na majimaji hata pistoni ikisukumwa hadi mwisho. William Zule na wenzake walipima mwaka 1997 wakaona mabaki hayo hufikia wastani wa mikrolita 84, ilhali bomba ambalo sindano yake imejengewa ndani, kama la insulini, hubakiza mikrolita 2. Yote mawili yakisuuzwa, tofauti ya damu inayosalia hukua zaidi. Mwaka 2012 WHO ilipendekeza miradi iwe na mabomba yenye mabaki kidogo. Hayazuii kuazimana, yanapunguza kinachopita watu wanapoazimana, na huo ni ukweli wa maskani ambao mvumbuzi wa chumba cha chanjo hakuhitaji kuufikiria.

Zaidi ya umbo, kuna idadi. Mtu anayejidunga mara tatu kwa siku anahitaji mabomba zaidi ya 1,000 kwa mwaka. Lengo la kimataifa lililowekwa kwa 2020 lilikuwa mabomba 200 kwa mtu. Hata lengo hilo likifikiwa, kila bomba litatumika mara tano, na ncha iliyotumika mara tano imekwisha kupinda na kuchana ngozi. Mashirika ya Mombasa yaliyobeba kazi ya ugawaji tangu Kenya ilipoanza mpango huo kati ya mwaka 2012 na 2013, yakiwemo Reachout Centre Trust na MEWA, yamekuwa yakifanya kazi ndani ya ufinyu huo.

Yamefanya pia ndani ya upinzani. Mashekhe na wakazi wa Pwani walipinga hadharani, wakisema kugawa sindano ni kuhalalisha unga unaowamaliza vijana wao. Uchungu huo si wa kubezwa. Familia za Mji wa Kale zimezika wengi. Lakini dai kwamba sindano huongeza matumizi ni dai linaloweza kupimwa, na limepimwa: mapitio ya Alex Wodak na Annie Cooney yaliyochapishwa na WHO mwaka 2004 hayakupata ushahidi wa kuaminika wa ongezeko hilo, na yalipata ushahidi mzito kwamba maambukizi ya UKIMWI hupungua. Na katika dini yenyewe, kulinda uhai kunahesabiwa miongoni mwa makusudio makuu ya sharia, pamoja na kulinda akili; anayeambukizwa leo hatakuwa na nafasi sawa ya kutubu na kupona kesho. Pingamizi la pili, la sindano zinazotupwa penye watoto, lina nguvu zaidi, na jibu lake ni kukusanya. Hapa sheria iliyapinga masilahi ya watoto hao: Sheria ya Dawa za Kulevya ya 1994 ilifanya kuwa kosa kumiliki kifaa cha kutumia heroini, na anayeogopa kukamatwa na bomba lililotumika hatalibeba hadi kituoni. Atalitupa pale alipo.

Njia ya tatu ni kuiondoa sindano kabisa. Methadoni, iliyoanza kutolewa Kenya katika Hospitali ya Mathari jijini Nairobi Desemba 2014, kisha Malindi mwaka uliofuata na baadaye Kisauni, ni dawa ya maji inayonywewa mbele ya mhudumu mara moja kwa siku. Haina ncha, haina damu, wala kitu cha kutupa. Wapo wanaosema fedha zote zihamie huko. Wangekuwa sahihi kama kila teja angekuwa tayari siku moja, na kama mtu wa kisiwani angeweza kuvuka daraja la Nyali kwenda Kisauni kila asubuhi bila kukosa, akiwa na nauli na bila kupoteza kibarua. Anayekosa siku kadhaa hurudi kwenye unga, na siku hiyo atahitaji bomba jipya lenye mabaki kidogo. Kwa hiyo orodha ya manunuzi ya kaunti inapaswa kuwa na vifaa hivi vyote kwa pamoja: sindano za kujifunga kwa chanjo, kanula zenye ala na bureti kwa wodi, mabomba ya mililita 1 yenye sindano iliyojengewa ndani kwa maskani, chupa za methadoni, na visanduku vya manjano vya kutosha kwa hospitali na kwa wahudumu wanaozunguka vichochoroni, vikipelekwa kuchomwa katika tanuri moja.