Chembe Kumi na Sita, Safari Moja

Bisie, mashariki mwa Kongo, husifika kwa kasiteriti, madini ya bati. Msitu unaozunguka machimbo hauzungumziwi sana. Humo, miti ya limbali na ya Albizia ni ya jamii moja, ya mikunde, ila chavua zao hazifanani. Ya limbali hutoka chembe moja moja. Ya Albizia hushikamana, kwa kawaida chembe 16, zikawa kidonge bapa mfano wa chapati iliyokatwa bila vipande kuachana. Kidonge kimoja kikitua kwenye stigma, sehemu ya ua inayopokea chavua, chaweza kurutubisha mbegu zote za ganda zima. Hesabu ya kijanja!

Ukuta wa nje wa chavua hauozi upesi. Ndiyo maana, kwenye vinamasi vya Mlima Kahuzi, huko huko mashariki mwa Kongo, watafiti husoma kwa hadubini, kupitia chavua iliyobaki, misitu ya maelfu ya miaka iliyopita.