Wacheni Kucheka Mtu Juu ya "On the Weekend"

Juzi kwa matatu ya Parklands, dada mmoja alisema kwa simu, "See you on the weekend." Vijana wa nyuma wakacheka: "Ni at, bana!" Akanyamaza hadi akashuka. Iliniuma.

Hebu tuangalie historia. Uingereza, sheria ya viwanda ya 1850 iliwaachilia wanawake na vijana wa viwanda vya nguo saa 8 mchana kila Jumamosi. Wikendi ikaanza kuota mizizi. Waingereza husema "at the weekend", Wamarekani "on the weekend". Sisi tulitawaliwa na Waingereza hadi 1963, kwa hivyo shule zikashika "at". "On" tunaisikia kila siku kwa sinema za Marekani. "Over the weekend" inapita kote.

Na Kiswahili je? Jumamosi ni siku ya mosi, Jumapili ya pili. Yaani kwa hesabu yetu, hiyo "end" yao ndiyo mwanzo wa wiki! Tena tunasema tu "tuonane wikendi", bila at, bila on.

Kwa mtihani, andika "at". Kwa matatu, wacha mtu aongee. Ama namna gani?