Jishinde Ushinde: Shule ya Misheni na Deni Letu



Katika misheni za kwanza nchini mwetu, katekista ndiye aliyekuwa mwalimu, na mara nyingi ndiye aliyeanzisha wimbo. Watoto walijifunza sala, herufi na nyimbo mahali pamoja. Kwa hiyo, tunaposherehekea jubilei ya kwaya, hatuwezi kuisahau shule.

Tutazame mfano mmoja. Mwaka 1925, Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha shule ya wavulana huko Kabaa, Machakos, chini ya Padre Michael Witte. Mwaka 1940 shule ya sekondari ilihamia Mang'u, karibu na Thika. Kaulimbiu ya Mang'u ni maneno mawili tu: Jishinde Ushinde.

Maneno hayo yanaeleza vizuri utume wa shule ya Kikatoliki. Hayamwambii mtoto amshinde mwenzake. Yanamwambia kwanza aushinde uvivu wake, hasira yake na ubinafsi wake, ndipo elimu imfae yeye na jirani yake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristo, ulifundisha vivyo hivyo: elimu humlea mtu mzima, mwili, akili na roho, kwa manufaa ya jamii pia.

Matunda tumeyaona. Maurice Otunga, mwana wa chifu, alisoma Mang'u, akachagua upadre, na mwaka 1973 akawa Kardinali wa kwanza wa Kenya. Tom Mboya alipitia Kabaa na Mang'u. Baadaye akawasaidia vijana wengi kupata masomo Marekani. Mwai Kibaki alikuwa Mang'u kuanzia 1947 hadi 1950. Mwaka 2003 serikali yake iliondoa karo katika shule za msingi za umma. Waliofunguliwa mlango waliwafungulia wengine.

Tuseme ukweli pia: shule za misheni zilikuwa na kasoro. Wasichana wengi waliachwa nyuma, na mara nyingine watoto walifunzwa kudharau mila za wazee wao. Kujishinda kunahusu hata Kanisa lenyewe.

Sheria ya Elimu ya 1968 iliweka shule za misheni chini ya usimamizi wa serikali, Kanisa likabaki kuwa mfadhili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili nafasi ya kulea maisha ya kiroho shuleni, huku imani za wanafunzi wengine zikiheshimiwa. Lakini jina la mtakatifu kwenye lango halimlei mtoto. Anayemlea ni mzazi anayefuatilia masomo yake, mwalimu anayemjua kwa jina, na mwanakwaya anayekwenda shuleni kumfundisha kuimba, na kumwonyesha kwamba sauti nzuri bila nidhamu huharibu wimbo wa wote.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Katika jubilei hii, kila mwanakwaya ajiulize: shule ya parokia yetu inanijua? Tulipokea wimbo darasani, tuurudishe darasani.

Mungu aibariki kwaya yetu, na watoto wetu wote.